Anajua Lakini Hasemi: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Lugha ya Kigeni Unguja na Pemba

Muuza vikoi wa Paje amesoma Kitaliano miezi minne. Daftarini anajua namba mpaka elfu mia, anajua kunyambua vitenzi, na kwenye mtihani kapata alama za juu. Mgeni anasimama mbele ya meza yake na kumuuliza, "Quanto costa?" Ulimi unakuwa mzito. Anatoa simu, anaandika bei kwenye kikokotoo, anamwonesha. Kikoi kimeuzwa, Kitaliano hakijatoka.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa mtu huyo. Unamfaa pia anayefundisha Kiingereza skuli, Kifaransa au Kijerumani kwa wafanyakazi wa hoteli, na Kiarabu kwa watu wazima. Kinachomziba mwanafunzi huyu si sarufi. Ni soni, na soni ina namna yake ya kushughulikiwa: mpe mwanafunzi nafasi ya kukosea pasipo na mtu wa kumsikia, kabla hujamtaka aseme mbele ya watu.

Hapa tutofautishe mapema. Haya, yaani staha, ni tabia njema, na hakuna mzazi, Unguja wala Pemba, atakayekushukuru ukimwondolea binti yake. Tunayoisaka ni hofu ya kuchekwa, ambayo hupenda kujificha nyuma ya haya. Mzazi akija kulalamika kwamba mwanawe "siku hizi anasema sana", mweleze tofauti hiyo. Wengi wanaielewa.

Kabla ya somo la kwanza

Gawa karatasi yenye maswali matano. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, kila mtu peke yake, kwa robo saa.

1. Unataka lugha hii ikufanyie kazi gani?
2. Utasema na nani zaidi: mgeni, mwajiri, jamaa aliyeko nje, au ni kwa ajili ya mtihani tu?
3. Nani nyumbani au mtaani anajua kuwa unasoma, na anasemaje?
4. Umewahi kuchekwa au kupigwa kwa kukosea lugha? Ilikuwa wapi?
5. Tukikaa wawili wawili, nani hutaki kukaa naye? Sababu si lazima.

Swali la tano ndilo lenye thamani kuliko yote, na ndilo walimu wanaloliruka. Visiwa ni vidogo. Katika darasa la watu ishirini utakuta mtu na shemeji yake, mjomba na mpwa, waliowahi kuposana wakaachana. Mtu na mkwewe hawawezi kuigiza muuzaji na mteja wanaobishana bei, hata ukiwapa mazungumzo mazuri namna gani. Watakaa kimya, nawe utaandika kwamba hawajui somo.

Maswali mawili ya mwanzo yanahusu ari. Robert Gardner na Wallace Lambert, waliofanya utafiti Montreal nchini Kanada na kuuchapisha mwaka 1959, walitenganisha ari za namna mbili: ya anayetaka lugha impe faida, na ya anayetaka kuwa karibu na watu wenye lugha hiyo. Mwanzoni hii ya pili ilionekana kuwa na nguvu zaidi. Uchunguzi uliofuata, ukiwemo wa India, ulionesha kwamba haja ya kazi nayo yaweza kumfikisha mtu mbali. Hilo linaonekana wazi ufukweni Kiwengwa, kwa hiyo usimdharau mwanafunzi anayekwambia anataka pesa tu. Mwenye kazi ngumu ni aliyeandika "mtihani tu", maana hana sura ya mtu anayesema naye.

Huyo mpe zoezi linalotokana na mawazo ya Zoltán Dörnyei, mtaalamu wa Hungaria, ambaye kuanzia mwaka 2005 alieleza kwamba mtu husukumwa na picha ya nafsi yake anayotaka kuwa. Aandike mistari sita: miezi sita mbele, ni saa ngapi, yuko wapi, amevaa nini, nani yuko mbele yake, anamwambia nini. Mstari wa mwisho uwe kwa lugha anayojifunza, hata kama una makosa. "Nitakuwa naongea vizuri" si picha, mrudishie. "Niko gati ya Mkoani, nampokea daktari mgeni, namwuliza kama safari ilikuwa nzuri" ni picha. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo atakayoifanyia kazi wiki ya kwanza.

Pima hofu, usiikisie

Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake nchini Marekani walitoa kipimo cha hofu ya darasa la lugha chenye kauli 33. Kwa darasa letu ni ndefu. Chukua sita zinazogusa mambo ya hapa, kila moja ijibiwe kwa namba 1 (hapana kabisa) hadi 5 (ndiyo kabisa):

Moyo unanidunda mwalimu anapokaribia kuniita. Najua jibu lakini nanyamaza. Naona wenzangu wote wananishinda kusema. Naogopa kuchekwa kuliko ninavyoogopa kufeli. Nikisahihishwa mbele ya watu nasahau hata nilichokuwa nakijua. Nikimwona mgeni njiani nabadili njia.

Jumla inakwenda kutoka 6 hadi 30. Majina yasiandikwe. Kila mmoja achore alama yake anayoijua mwenyewe, jahazi, nyota, jani, na aikumbuke, kwani karatasi hii itarudi wiki ya nane. Kama wastani wa darasa umezidi 18, bakia kwenye ngazi za chini, zilizoelezwa hapa chini, kwa wiki mbili nzima. Hicho ni kipimo cha kufanyia kazi tu, usikigeuze sheria.

Kucheka

Kucheka hakuzuiwi kwa amri. Utani ni nusu ya maisha ya baraza, na darasa lililokatazwa kucheka hucheka kwa macho, na hilo linauma zaidi. Njia iliyo bora ni mwalimu kuchekwa wa kwanza.

Kwenye Kitaliano fanya hivi. Ingia darasani siku ya pili, jifute jasho, sema "Ho sette". Umesema "nina saba". Ulichotaka ni "Ho sete", nina kiu. Andika yote mawili ubaoni, waache wacheke, halafu waoneshe kwamba ile t mbili hushikwa kidogo kabla ya kuachiwa: set-te. Kiswahili hakina tofauti ya namna hiyo, ndiyo maana sikio letu linaipita. Hapo hapo watahadharishe na neno la mwaka, "anno": ukitoa n moja unakuwa umetaja sehemu ya mwili isiyotajwa mezani, na swali la umri wa mtu lina neno hilo ndani yake. Siku hiyo watacheka mpaka machozi, na baada ya hapo hakuna atakayelisahau.

Kejeli ni jambo jingine. Mwanafunzi anayeiga sauti ya mwenzake usimfokee mbele ya watu, utakuwa umeongeza mtu wa pili mwenye soni. Mwite nje baada ya kipindi, sentensi mbili zinatosha. Akirudia, mbadilishie mahali pa kukaa.

Kuna kejeli ya mtaani pia: "anajifanya Mzungu". Kwa sababu yake vijana wengi huharibu matamshi kwa makusudi, wasionekane wanajidai. Ukimwambia kijana kama huyo atamke vizuri unapoteza muda. Mpe uhusika: wewe leo ni mpokea wageni, jina lako si lako, una miaka arobaini, umechoka. Lafudhi nzuri sasa ni ya yule mpokea wageni, si yake, na hakuna wa kumlaumu.

Ngazi ya kusema

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanzia juu: "Wewe, simama, jibu." Kipindi pacha cha dakika 80 kigawe hivi.

Dakika 10 za mwanzo ni za kusikiliza. Mwalimu anasema mazungumzo mafupi, mistari sita hadi minane, mara mbili. Wanafunzi wanaonesha kwa vidole au picha kwamba wameelewa. Hakuna anayetakiwa kufungua mdomo.

Dakika 8 zinazofuata ni sauti ya pamoja. Hapa tuna hazina ambayo walimu wengi wa kisasa wanaionea aibu bure. Karibu kila mtoto wa Visiwani kapita chuo cha Kurani, kafuatisha juzuu kwa sauti moja na wenzake. Anajua kuitikia, anajua kushika kwa kusikia. Sauti ya pamoja ni kivuli: unatamka, unakosea, hakuna anayekusikia. Darasa zima mara tatu, kisha mstari kwa mstari wa madawati. Usifike kwa mtu mmoja mmoja. Udhaifu wake ni kwamba mtu anaweza kuimba asichokielewa, kwa hiyo usizidishe muda huo.

Dakika 17 ni mnong'ono. Wanakaa wawili wawili, wanasema mazungumzo yale yale kwa sauti ya chini kiasi kwamba jirani hasikii. Raundi tatu, kila raundi na mwenza mpya. Mwalimu hapiti akiinamia watu, anasimama mbali. Raundi ya kwanza ni ya kubabaika, ya pili inatembea, na ya tatu wanaanza kutia maneno yao wenyewe. Ukikata raundi ya tatu kwa kuona wameshajua, umekata penye faida.

Dakika 20 ni watu wanne. Wawili wanasema, wawili wanasikiliza wakiwa na kazi: waandike bei zilizotajwa, au wahesabu maswali yaliyoulizwa. Msikilizaji asiye na kazi hugeuka hakimu.

Dakika 10 ni mbele ya darasa, kwa wanaokubali tu, na jozi zisizidi mbili. Dakika 10 nyingine ni za makosa ubaoni, na 5 za mwisho kila mtu amwambie jirani yake sentensi moja aliyoipata leo.

Ukiuliza swali, taja swali kwanza na jina baadaye. Ukianza na jina katika darasa la watu arobaini, thelathini na tisa wameshalala. Kati ya swali na jina nyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani na kuandika mwaka 1974, alikuta walimu wakisubiri kama sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya walianza kusema. Sekunde tatu za kimya ni ndefu mno kwa mwalimu. Hesabu kwa vidole ukiwa umeweka mikono nyuma.

Nani akae na nani

Kwenye kozi za hoteli humkuta mpishi mkuu wa miaka hamsini na mhudumu wa miaka ishirini darasa moja. Wiki za mwanzo usiwaweke pamoja. Kijana atamwita Mzee, hatothubutu kumsahihisha, na Mzee hatotaka kubabaika mbele yake. Waweke kwa rika. Baadaye mpe Mzee uhusika wa mjuzi: aeleze kwa Kitaliano namna anavyopika pilau, kijana aulize. Hapo heshima na lugha zinakwenda njia moja.

Wanawake na wanaume waanze na jozi za jinsia moja, hasa vijijini, na kwenye kundi la wanne ndipo uchanganye kama darasa limeridhia. Mwanafunzi aliyevaa nikabu usimtake aifunue ili uone midomo. Arekodi sauti kwa simu nyumbani akutumie, au msaidizi wa kike ampitie matamshi pembeni. Na mwanafunzi asiyekutazama machoni si lazima awe mwoga. Huenda ndivyo alivyolelewa kusema na mkubwa.

Kusahihisha

Tazama mazungumzo haya ya darasa la Kiingereza.

Mwanafunzi: "Yesterday I go to Wete."
Mwalimu: "Oh, you went to Wete."
Mwanafunzi: "Yes, I go."

Mwalimu anaamini amesahihisha. Mwanafunzi anaamini amekubaliwa. Roy Lyster na Leila Ranta, waliochunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada na kuchapisha mwaka 1997, walikuta kwamba njia hii ya kurudia sentensi ikiwa imenyooshwa ndiyo waliyoitumia walimu zaidi, na ndiyo iliyomfanya mwanafunzi ajirekebishe kwa nadra zaidi.

Badala yake mwachie kazi mwenyewe. Rudia "Yesterday I…" kisha simama, elekeza dole gumba nyuma ya bega lako, subiri. Ishara ya bega iwe na maana moja siku zote: wakati uliopita. Weka nyingine mbili tu, moja ya wingi, moja ya neno lililosahaulika. Zikizidi tatu watakuwa wanajifunza ishara.

Kwenye mnong'ono usisahihishe chochote. Kwenye kundi la wanne andika makosa kwenye karatasi, bila majina. Mwisho wa kipindi teua matano, yaandike ubaoni yakichanganywa na sentensi mbili zilizo sahihi, darasa liyatafute. Zile mbili sahihi ni muhimu: bila hizo wanafunzi wanakisia kwamba kila kilichoandikwa ni kibovu, na mwenye sentensi yake anainama. Kwa anayesema mbele ya darasa, kosa moja, mawili yakizidi, tena baada ya kumaliza na siyo katikati.

Na bakora kwa kukosea lugha? Mwenye kumbukumbu hiyo umeshamjua kwenye swali la nne. Usimtaje, usimhurumie mbele za watu. Mwanzishe kwenye mnong'ono na umwache huko mwezi mzima ikibidi.

Kiswahili kina kazi yake

Zipo skuli Afrika Mashariki ambako mtoto aliyesema lugha yake alivishwa kibao shingoni. Kilichofundishwa na kibao ni kunyamaza, maana aliyenyamaza havishwi. Tumia Kiswahili kueleza zoezi, kulinganisha sarufi na kumtuliza mtu, na lugha ya kigeni kwa mazungumzo yenyewe. Ukiona maelezo yako ya Kiswahili yanazidi dakika tano mfululizo, umeanza kuhutubia.

Pia waoneshe walichonacho tayari, maana hofu nyingi ni ya kudhani wanaanza sifuri. Anayetamka "thamani" na "dhahabu" sawasawa ana sauti mbili za Kiingereza zinazowatesa Wafaransa na Wajerumani. Gh ya "ghali" iko karibu sana na r ya Kifaransa: mwambie aseme "ghali" mara tano, halafu "rue". Anayetamka "kheri" kwa kh yake ameshapata ch ya Kijerumani kwenye "Nacht". Na aliyezoea "kitabu kizuri, vitabu vizuri" hashangai kukuta "libro bello, libri belli" ya Kitaliano. Mtoto wa Makunduchi au Tumbatu anayesema lahaja yake nyumbani na Kiswahili sanifu skuli anabadili usemi kila siku tangu udogo. Mwambie hivyo. Kwa kawaida hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ule ni ujuzi.

Mtaani

Papasi wa Mji Mkongwe, vijana wanaowafuata watalii mitaani, hawakukaa darasani, na wapo wanaosema lugha nne. Wanawafunza walimu jambo: hawapewi alama, malipo ya kusema yanakuja papo hapo, na sentensi ile ile wanairudia mara hamsini kwa siku na watu tofauti ambao hawatowaona tena. Kukosea mbele ya mgeni anayeondoka kesho hakugharimu kitu. Upungufu wao ni kwamba makosa yaliyokuwa yakieleweka hayakurekebishwa, yakaganda. Larry Selinker, mtaalamu wa isimu, alilieleza hilo mwaka 1972: lugha ya kati ya mwanafunzi, ile anayoijenga akiwa njiani kuelekea lugha mpya, huweza kusimama mahali ikakataa kwenda mbele. Ukimpata papasi darasani usimrudishe mwanzo wa kitabu, atakuacha wiki ya pili. Tafuta makosa yake matatu yaliyoganda, fanya nayo hayo tu kwa miezi miwili.

Pemba wageni ni wachache, kwa hiyo mtaa uundwe. Kila wiki mwanafunzi atume ujumbe wa sauti wa sekunde 45 kwa WhatsApp, kwa mwalimu peke yake. Usifungue kundi la kila mtu kusikiliza. Nawe jibu kwa sauti, kwa lugha ile ile, ukijibu alichosema kwanza na kosa moja mwishoni. Darasa la thelathini ni kama dakika 23 za kusikiliza, zigawe siku tatu.

Kalenda nayo isikushangaze. Kozi za wafanyakazi wa hoteli zipange Aprili na Mei, masika, wageni wakipungua. Mfungo wa Ramadhani punguza kusema, ongeza kusikiliza, maana koo kavu hukasirika haraka. Msimu wa karafuu Pemba wanafunzi watakwenda kuchuma. Anayerudi baada ya wiki tatu anarudi na soni ya kuachwa nyuma, usimuulize alikuwa wapi mbele ya darasa. Mwanzishe kwenye sauti ya pamoja siku hiyo hiyo.

Wiki ya nane

Rudisha kauli sita, alama zile zile. Darasa likiwa limeshuka lakini jahazi moja limepanda, mara nyingi mwenye jahazi alipandishwa ngazi haraka au alibadilishiwa mwenza. Kwa kuwa humjui, rudisha darasa zima kwenye mnong'ono kwa vipindi viwili na uruhusu kila mtu achague wa kukaa naye.

Ukikuta kauli tano za mwanzo ziko chini na ya sita, ya kubadili njia, bado iko juu, darasa limeshafanya kazi yake na kilichobaki ni barabara. Mpe kila mwanafunzi sentensi moja, "Serve aiuto?" (unahitaji msaada?), jioni moja Forodhani, kwa mgeni mmoja anayegeuza ramani. Aseme, asikilize jibu, aelekeze kwa mkono kama maneno yamemwishia, aondoke. Jioni ya pili, wageni wawili.